Ganda la Jino Halioti Mara ya Pili

Mwezi huu twaanza kwa jambo lisilo tamu kwa mwandishi ye yote, nalo ni kuungama kosa. Zamani kidogo, katika ukurasa huu huu wa mambo ya nyumbani, tuliwahimiza wazazi juu ya usafi wa meno ya watoto. Tuliandika ya kwamba mtoto apige mswaki mara tu amalizapo kula, tena asugue kwa nguvu. Na ya kwamba asiyeweza kununua dawa ya meno atumie mkaa uliosagwa, au kipande cha ndimu pamoja na chumvi, mpaka meno yawe meupe. Tuliyaandika hayo kwa nia njema, maana ndivyo tulivyofundishwa na waliotutangulia. Lakini nia njema haiponyi jino lililolika.

Tumeletewa barua na mama mmoja, mke wa mwalimu. Hatutataja jina lake wala mahali anapokaa, ila twataka habari yake isikiwe na wote. Asema ana binti wa miaka 13, mtoto mtiifu, mpenda kuimba. Karibu na shule huuzwa maembe mabichi yaliyokatwa na kutiwa chumvi na pilipili, na ukwaju, na ubuyu wenye rangi na sukari. Naye hununua kama wenzake. Asubuhi, kabla ya kula kitu, hunywa maji ya ndimu, kwa kuwa mama aliambiwa ya kwamba husafisha damu. Basi meno ya binti yakaanza kuwa ya manjano. Siku ya ukaguzi wa usafi alisimamishwa mbele ya wenzake, akaitwa mchafu. Akarudi nyumbani akilia, akatafuta gazeti letu, akasoma maneno yetu, akayafuata kwa bidii: mkaa, ndimu na chumvi, asubuhi, mchana na jioni. Miezi michache ikapita. Sasa hawezi kunywa maji ya mtungini bila kushika shavu. Hucheka akiwa amefunika kinywa. Na katika kwaya amekataa kusimama safu ya mbele. Mama anatuuliza maswali mawili: kama amemlea mtoto wake vibaya, na kama meno yake yatarudi kuwa kama zamani.

Hatukuweza kujibu upesi. Tulikwenda kwa tabibu wa meno, tukamsomea barua yote, pamoja na yale tuliyoyaandika sisi wenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatuambia ya kwamba mtoto huyu hakuwa mchafu hata kidogo. Alikuwa na bidii kupita kiasi, na bidii hiyo tulimfundisha sisi. Maneno hayo yalituchoma, lakini ni ya kweli. Basi leo twataka kueleza polepole jinsi jino linavyolika, ili nyumba nyingine zisipatwe na haya.

Jino lilivyoumbwa

Jino si jiwe tupu. Katikati yake mna nyama laini yenye mishipa ya damu na mishipa ya fahamu; hiyo ndiyo iumayo. Nyama hiyo imezungukwa na ukuta uitwao dentini, mgumu kama mfupa, wenye rangi ya manjano kidogo. Ukuta huo una vijitundu vyembamba mno, visivyoonekana kwa macho, vielekeavyo ndani kwenye fahamu. Juu ya dentini, upande ule tuuonao kinywani, mna ganda la nje, ambalo matabibu huliita enameli. Ganda hilo ni gumu kuliko kitu kingine cho chote katika mwili wa mwanadamu, hata kuliko mfupa. Katika kila sehemu 100 za uzito wake, kama 96 ni madini, hasa kalisi na fosfeti zilizofungamana pamoja. Juu ya ncha za magego unene wake hufika kama milimita 2 na nusu. Lakini karibu na ufizi huwa mwembamba sana.

Basi ugumu huo una upungufu mmoja, na mwenye kuufahamu upungufu huu amefahamu habari yote ya leo. Mfupa ukivunjika huunga, kwa sababu ndani yake mna chembe hai zinazoujenga upya. Ngozi ikikatwa hufunga. Lakini ganda la jino halina chembe hai hata moja. Chembe zilizolijenga zilifanya kazi yao wakati jino lilipokuwa bado limefichwa ndani ya taya, kama mafundi wafanyao kazi nyuma ya ua. Jino lilipochomoza, mafundi hao walikuwa wamekwisha kufa. Jino la utoto hung'oka na jingine likaota mahali pake. Lakini ganda la jino la ukubwani likiisha kuondoka, hakuna wa kulijenga tena. Kila mtu hupewa moja tu, nalo lapaswa kumtosha mpaka uzee.

Kuoza na kulika si kitu kimoja

Watu wengi wadhani ya kwamba kila ubaya wa meno ni kuoza. Sivyo. Kuoza ni kazi ya vijidudu. Katika mwaka 1890 Willoughby Miller, Mmarekani aliyefanya kazi yake Berlin katika nchi ya Ujerumani, alitoa kitabu akaeleza jinsi vijidudu vya kinywani vinavyogeuza sukari na mabaki ya vyakula vya wanga kuwa tindikali, yaani maji makali yenye uchachu. Tindikali hiyo hukaa chini ya utando wa vijidudu, ikayeyusha ganda mahali pamoja mpaka patoke tundu.

Kulika ni habari nyingine. Hapa hapana haja ya vijidudu. Tindikali hutoka moja kwa moja katika kile tunachokula au kunywa, au hupanda kutoka tumboni, ikayaosha meno yote kwa pamoja. Haitoboi tundu, hulainisha uso wa jino na kuupunguza kidogo kidogo, kama maji ya mvua yapunguzavyo ukuta wa udongo usio na paa. Kwa hiyo mtu aweza kuwa na kinywa safi kabisa, asiwe na jino bovu hata moja, na huku meno yake yanalika.

Wataalamu hupima uchachu kwa kipimo kiitwacho pH. Maji safi husimama karibu na namba 7. Namba ikishuka, uchachu umezidi. Na kushuka kwa hatua 1 ni kuzidi mara 10. Ganda la jino huanza kuyeyuka uchachu ufikapo karibu na 5.5. Maziwa hayafiki huko, maana namba yake ni kama 6.7. Lakini maji ya ndimu na ya limau huwa kati ya 2 na 3, na soda nyeusi ya kola ni kama 2 na nusu. Tazameni basi umbali uliopo.

Walimu wataka kuwaonyesha watoto jambo hili kwa macho? Lichukueni yai bichi, mlitie katika bilauri ya siki, mliache mpaka kesho yake, au hata kesho kutwa. Mtaona mapovu madogo yakipanda, na mwisho ganda litakuwa limekwisha, yai limebaki na ngozi tu, laini mkononi. Ganda la yai si sawa na ganda la jino. Lile huyeyuka upesi zaidi. Lakini yote mawili yamejengwa kwa kalisi, na yote mawili hushindwa na tindikali. Mtoto aliyeliona yai lile hana haja ya hotuba ndefu.

Uchachu watoka wapi

Kwanza watoka katika matunda na vinywaji: ndimu, limau, ukwaju, embe bichi, mabungo, mananasi, machungwa, ubuyu, siki na achari, na soda za kila namna. Hata soda isiyo na sukari ina tindikali. Haiozeshi kama ile yenye sukari, lakini yaweza kulisha ganda la jino vile vile. Msituelewe vibaya. Hatusemi watu waache matunda, maana ni chakula chema, na mwili wayahitaji. Ndimu katika mchuzi au kachumbari wakati wa chakula si adui. Ubaya u katika mambo mawili: wingi wa mara, na urefu wa muda. Mtu anywaye soda moja pamoja na chakula chake, akamaliza, meno yake huoshwa kwa uchachu mara moja. Lakini mtu awekaye chupa ile ile mezani akainywa funda moja moja tangu asubuhi hata adhuhuri, meno yake yameoga tindikali nusu ya siku. Vivyo hivyo mtoto atembeaye na kipande cha ukwaju shavuni.

Pili, uchachu watoka tumboni. Maji ya tumbo ni makali kuliko ndimu, kwa kuwa Muumba aliyaweka yasage chakula, wala hakuyaweka kwa ajili ya kinywa. Mama mjamzito atapikaye kila asubuhi, mtu mwenye kiungulia cha siku nyingi, mlevi atapikaye mara kwa mara, hawa wote meno yao ya juu huliwa kwa upande wa ndani, mahali ambapo mwenyewe haoni. Tena wako vijana, hasa wasichana, wajitapishao kwa siri kwa sababu ya kuogopa unene. Tabibu wa meno mara nyingine huwa mtu wa kwanza kutambua. Kijana kama huyo asikaripiwe wala asitangazwe. Ana ugonjwa, na ahitaji mtu mpole wa kumpeleka kwa daktari.

Lakini hatukuachwa bila mlinzi. Mlinzi wa meno ni mate. Mate huosha tindikali, huipunguza ukali, kisha huleta kalisi na fosfeti na kuzirudisha katika ganda lililolainika, mpaka likakaza tena. Angalieni vema neno hili: ganda lililolainika tu laweza kukaza tena, ganda lililokwisha kuondoka haliwezi kurudi. Na mate huhitaji muda ili kufanya kazi yake. Usiku tulalapo hupungua sana; ndiyo sababu soda au maji ya matunda ya kabla ya kulala hudhuru zaidi ya yale ya mchana.

Mahali tulipokosa

Sasa mwaona kosa letu lilikuwa wapi. Mtoto akiisha kula embe bichi, uso wa meno yake umelainika kwa muda. Wakati huo huo sisi tulimwambia ashike mswaki asugue kwa nguvu. Ni kama fundi apakaye chokaa ukutani, na kabla haijakauka mtu aje na ufagio aifagie. Mswaki huondoa kile ambacho mate yangekikaza. Tena tulimwambia atumie mkaa na chumvi, vitu vyenye chembe ngumu, vifanyavyo kazi ya msasa. Huyo huyo Miller, katika mwaka 1907, alieleza majaribio yake ya kusugua meno yaliyong'olewa kwa mswaki na unga wa meno wa kukwaruza, akaonyesha jinsi meno yalivyochimbika. Kisha, juu ya hayo yote, tulimwambia apake ndimu, yaani tindikali yenyewe. Ni kweli, baada ya kusugua hivyo jino huonekana jeupe siku chache, maana doa la juu limeondoka. Lakini limeondoka pamoja na ganda.

Ganda likipungua, dentini ya manjano huanza kuonekana kwa ndani, kama udongo uonekanavyo chini ya chokaa iliyochakaa. Mtoto akaona manjano, akadhani ni uchafu, akazidi kusugua. Akazidi kusugua, manjano yakazidi. Halafu vijitundu vile vya dentini vikafunguka, na maji ya baridi, chai ya moto na vitu vitamu vikapata njia ya kuamsha fahamu. Hiyo ndiyo sababu ya yule binti kushika shavu.

Manjano si uchafu

Twataka kusema neno na walimu, kwa heshima. Ninyi mwasimamisha watoto mstarini, mwatazama kucha, nywele na meno, na kazi hiyo ni njema. Lakini meno yasiyo meupe si ushuhuda wa uvivu. Wako waliozaliwa na ganda lenye kuonyesha dentini zaidi. Hao ni wazima kabisa. Wako wenye kulika, kama binti huyu. Na wako walioharibiwa na maji ya kwao.

Habari ya hao wa mwisho yajulikana sana katika vijiji vingi vya kandokando ya Mlima Meru, huko Arusha, na sehemu nyingine za Bonde la Ufa, ambako watoto wengi wana meno yenye madoa ya hudhurungi na vishimo. Sababu yake ni madini ya floridi yaliyozidi katika maji. Daktari wa meno Frederick McKay aliyaona meno kama hayo mwaka 1901 alipofika Colorado Springs katika Marekani, akatafuta sababu kwa miaka mingi. Mwaka 1931 ndipo ilipothibitika ya kwamba ni floridi. Shirika la Afya Duniani lashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi katika lita moja. Madoa hayo huingia wakati jino linapojengwa ndani ya taya, katika miaka ya kwanza ya mtoto. Likiisha kuota, hakuna mswaki uwezao kuyafuta. Kuchemsha maji hakuondoi floridi; maji yakipungua chunguni, floridi iliyobaki huwa nyingi zaidi kwa kipimo. Dawa yake ni kupata maji ya chanzo kingine kwa watoto wadogo, au kuyachuja kwa mkaa wa mifupa uliotengenezwa kwa kazi hiyo.

Ajabu ni hii: madini hayo hayo, yakiwa kidogo na kwa kipimo, huliimarisha ganda la jino lisishindwe upesi na tindikali. Ndiyo maana hutiwa katika dawa ya meno. Kitu kilicho dawa kwa kipimo ni madhara kikizidi. Na kupima ni kazi ya maarifa.

Basi, walimu wetu, mtoto mwenye meno ya manjano asiitwe mbele ya wenzake. Mwiteni kando, mumwulize anakula nini, anakunywa maji ya wapi, na kama jino lamwuma. Huenda mkajifunza jambo ambalo mama yake hakulijua.

Yapasayo kufanywa nyumbani

Tumeyapata haya kwa tabibu, nasi twayaandika badala ya yale ya zamani. Aliyelitunza gazeti lile na akate kipande hiki akibandike juu yake.

Kwanza, baada ya kula au kunywa kitu kichachu, sukutua kwa maji matupu, uyateme. Ukiwa na maziwa, kunywa funda kadha. Usipige mswaki upesi. Ngoja nusu saa kwa uchache, na saa nzima ni bora.

Pili, mwenye kupenda maji ya ndimu asubuhi na apige mswaki kabla yake, si baada yake. Na afahamu ya kwamba si ndimu isafishayo damu, bali ni figo na ini. Akiyaacha hapotezi kitu.

Tatu, matunda machachu na yaliwe pamoja na chakula, yakiisha yaishe. Soda na iwe ya siku za furaha, inywewe kwa muda mfupi, isizungushwe mdomoni. Mrija upelekwao nyuma ya meno husaidia. Kinywaji cha kila siku na kiwe maji au maziwa.

Nne, pigeni mswaki mara mbili kwa siku, na mara moja kati ya hizo iwe kabla ya kulala. Mswaki uwe wenye nywele laini, na mkono uwe mwepesi. Mswaki wa mti nao wafaa kwa ajili ya kuoza, na kuutafuna huleta mate. Lakini ncha yake ilowekwe na kutafunwa mpaka ilainike, wala usikwaruzwe kwa nguvu.

Tano, chagueni dawa ya meno yenye floridi, kipimo chake kisipungue sehemu 1000 katika milioni. Kwa watu wazima 1350 mpaka 1500 hufaa. Mtoto wa chini ya miaka 3 apakiwe kiasi cha punje ya mchele tu. Wa miaka 3 mpaka 6, kiasi cha punje ya njegere, na mzazi asimame karibu ili isimezwe. Baada ya kusugua, temeni povu, wala msisukutue kwa maji mengi, ili floridi ikae juu ya meno. Katika nchi ambazo maji yana floridi nyingi, mwulizeni tabibu wa huko kwanza juu ya watoto wadogo.

Sita, msitumie mkaa, majivu, mchanga, chumvi wala ndimu juu ya meno, hata aliyewaambia akiwa ni mwandishi wa gazeti.

Saba, aliyetapika asikimbilie mswaki. Na asukutue kwa maji, au kwa bilauri ya maji yenye kijiko kidogo kimoja cha baikaboneti, ule unga mweupe wa kuumulia maandazi, kisha ateme. Asiubadili kwa magadi ya ziwani, maana hayo huweza kuwa na floridi nyingi. Kiungulia kisichokoma na kutapika kusikokwisha ni vya kupelekwa kwa daktari, kwa kuwa jino halitapona na tumbo likiendelea kulimwagia.

Kazi ya tabibu

Nendeni kwa tabibu wa meno mkiona dalili hizi: meno kuuma kwa baridi au kwa utamu, uso wa jino kuwa laini na wenye kung'aa kuliko kawaida, ncha za meno ya mbele kupitisha nuru kama kioo, au kumomonyoka, vishimo vidogo kama vikombe juu ya magego, au jino lililozibwa zamani ambalo zibo lake sasa limesimama juu, huku jino lenyewe limeshuka.

Tabibu kwanza ataulizia chanzo, maana kutengeneza jino bila kuzuia uchachu ni kuteka maji kwa ndoo iliyotoboka. Kisha aweza kupaka meno dawa nzito ya floridi, nayo hurudiwa mara kadha kwa mwaka. Kwa maumivu aweza kushauri dawa ya meno ya namna yake, kama ile yenye potasi, ambayo hutuliza fahamu ikitumiwa kila siku kwa majuma kadha. Mahali ambapo ganda limekwisha sana, hubandika juu yake kitu kigumu chenye rangi ya jino. Na jino lililolika mno huvikwa kofia. Hayo yote hayaotishi ganda jipya. Ni kiraka, nacho kiraka chema kikitunzwa hudumu miaka mingi. Wauzao unga au maji wakisema ya kwamba yataleta ganda jipya, msiwape fedha zenu. Na dawa za kufanya meno kuwa meupe hazimfai mwenye meno yaliyolika; mara nyingi humzidishia maumivu.

Twajua ya kwamba kofia ya jino ni ghali, na nyumba nyingi haziiwezi. Lakini tazameni tena yale mambo saba. Maji ya kusukutua ni bure. Kungoja nusu saa ni bure. Kuacha ndimu ya asubuhi ni bure, tena fedha ya ndimu yabaki mfukoni. Ulinzi ulio bora kuliko wote ndio usio na bei.

Jibu kwa mama

Sasa, mama mpendwa, twarudi kwa maswali yako. Uliuliza kama umemlea binti yako vibaya. La. Ulimpa ulichoambiwa ni chema, naye alikitii. Katika kitabu cha Ezekieli mnatajwa mithali ya kale juu ya zabibu kali na ganzi ya meno, iliyowatwika watoto makosa ya baba zao, na nabii akaagizwa ya kwamba isitumike tena. Kwa habari hii lawama isikae juu yako, wala juu ya mtoto. Na ikae juu yetu tulioandika bila kuuliza.

Uliuliza tena kama meno yake yatarudi. Hatutakudanganya: kilichoondoka hakitarudi. Lakini ni mtoto wa miaka 13, na sehemu kubwa ya ganda lake ingali ipo. Akiacha mkaa na ndimu leo, akangoja kabla ya mswaki, akatumia dawa yenye floridi na kuonekana na tabibu, kulika kwaweza kukoma hapo kulipofika, na maumivu kupungua. Tabibu tuliyemwuliza asema amewaona wengi wa namna hiyo wakila na kunywa bila taabu.

Na mwambie neno hili kutoka kwetu, kwamba tumekosa, twamwomba radhi. Rangi ya meno yake si aibu yake. Mwalimu wa kwaya akiusoma ukurasa huu, na amrudishe safu ya mbele.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaandika juu ya kutunza maji ya kunywa nyumbani. Wenye maswali na watuletee, nasi safari hii tutauliza kwanza, ndipo tujibu.